Tranka la babu: nilamineti, niskani, au nimkabidhi mgeni?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nyumbani kwetu Rungwe, si mbali na Tukuyu. Babu mzaa baba alikuwa karani kwenye shamba la chai, alifariki siku nyingi. Mwezi uliopita tulipokuwa tunabomoa nyumba yake tulikuta tranka chini ya kitanda. Ndani kuna picha kama arobaini nyeusi na nyeupe, magazeti ya Mambo Leo na Uhuru yaliyofungwa kamba, na picha moja kubwa ya fremu, babu na wenzake mbele ya kanisa, ambayo imegandana na kioo. Vyote vinanuka ukungu. Kijana wa steshenari anasema nilamineti zote, shilingi 1,000 kila moja, zitadumu milele. Binamu yangu anasema nizipige kwa simu kisha nitupe makaratasi, siku hizi kila kitu ni dijitali. Na kuna mgeni mtafiti aliyepita hapa, anasema chuo chao huko nje kina hifadhi kubwa ya picha na magazeti ya zamani mtandaoni, anaomba aondoke na tranka zima akaliskani. Dada yake babu bado yupo, amevuka miaka 80, na wengi waliomo kwenye picha anawajua. Nifanye nini? Na je, naweza kupata picha ya baba yake babu, aliyesoma kwa wamisionari Rungwe, kwenye hifadhi hizo za vyuo?"*

Marahaba, mwalimu. Kwanza nikupongeze kwa kuuliza kabla ya kugusa. Wengi wanaoniletea vitu vya namna hii huja baada ya kuzifuta picha kwa kitambaa chenye maji na sabuni.

Umezungukwa na washauri watatu, na kila mmoja ana haraka. Kijana wa steshenari ana mashine yake, binamu ana simu yake, mgeni ana tiketi ya ndege. Bibi hana haraka wala hajakushauri lolote, naye ndiye wa kuanza naye. Karatasi zilizokaa chini ya kitanda miaka sitini zitasubiri hadi likizo. Kumbukumbu ya mtu aliyevuka miaka 80 sithubutu kuisemea hivyo.

Haya nayasema mimi ambaye kazi yangu ni hizo karatasi zenyewe. Fungua hifadhi yoyote kubwa ya picha za zamani za Nyanda za Juu Kusini. Utakuta picha kali, unaweza kuhesabu vifungo vya shati. Kisha soma maelezo chini yake: "mwanamke wa Kikonde" (yaani Mnyakyusa), "wanafunzi", "wapagazi safarini". Mzungu aliyekaa katikati ana jina na cheo, waliomzunguka hawana kitu. Karatasi ilitunzwa vizuri sana, kwenye ubaridi na ukavu wa Ulaya, majina ndiyo yakapotea, na hakuna mashine ya kuyarudisha. Tranka lenu liko kinyume chake. Karatasi ina ukungu, lakini majina bado yapo, yamekaa jikoni yanakunywa chai.

Kwa hiyo Jumamosi hii kaa na bibi. Usimpelekee rundo la picha arobaini kwa mpigo, atachoka ukifika ya kumi. Chukua tano au sita, moja moja, ziweke kwenye meza penye mwanga, na simu iwe inarekodi sauti kando. Usimvamie na swali la "huyu nani?" Muulize hapa ni wapi, siku hiyo kulikuwa na nini, nani alikuwa na kamera. Sura zikigoma, uliza nguo. Kuna mzee mmoja nilikaa naye huku Iringa, alitazama picha ya vijana watatu akasema hawajui kabisa. Nikamuuliza, na hilo koti? Akacheka. Koti lilikuwa la mwenye studio, kila kijana alivaa kwa zamu yake, na alipokumbuka zamu walivyopangana akawataja wote watatu, na wa nne aliyekuwa nje akisubiri. Andika majina kama anavyoyatamka bibi: la ubatizo, la ukoo, la utani, na kijiji. Taja mstari, kisha kushoto kwenda kulia. Akisema "sina hakika", andika kwamba hana hakika. Hilo nalo ni taarifa.

Majina hayo yaandike kwenye daftari kwa namba, na kila picha uipe namba hiyo hiyo nyuma, pembeni, kwa penseli laini, ukiwa umeilaza juu ya kitu kigumu na kisafi, na usikandamize. Kalamu ya wino hapana. Wino wa biro hupenya hadi mbele miaka inavyokwenda, na ukiandika kwa nguvu herufi zitajitokeza kwenye uso wa mtu.

Sasa tuje kwa kijana wa steshenari. Simlaumu, kwake karatasi ni karatasi. Lakini picha ya zamani nyeusi na nyeupe si wino juu ya karatasi kama hizi zinazotoka kwenye printa. Juu ya karatasi kuna tabaka jembamba la jelatini, kitu kinachochemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, ndugu wa ile gundi ya maseremala wa zamani. Ndani ya jelatini ndimo zilimo chembechembe za fedha, fedha hii ya mikufu na pete, na hizo ndizo unazoziona kama weusi wa koti la babu. Ukilielewa tabaka hilo umeyaelewa magonjwa yote ya picha. Jelatini hunywa unyevu, ikavimba na kunata. Ikikauka hujikunja na kuvuta karatasi nayo. Kwa ukungu, jelatini ni chakula, supu ya mifupa iliyokaushwa. Ndiyo maana picha iliyokaa Tukuyu, penye mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, haiugui kama iliyokaa Dodoma.

Mashine ya kulamineti inaunguza plastiki yenye gundi juu ya tabaka hilo, mbele na nyuma. Joto linalainisha jelatini, gundi inaingia, na hapo ndoa imefungwa bila talaka. Unyevu na ukungu uliokuwamo umefungiwa humo humo. Ukitaka kuitoa baadaye, plastiki inaondoka na uso wa picha. Kwa cheti cha kozi, au tangazo la ukutani, lamineti bila wasiwasi. Kwa kitu ambacho kiko kimoja tu duniani, hapana. Selotepu iko kundi moja na hilo. Gundi yake hugeuka njano, ikatoa utomvu, ikaacha doa lisilofutika pale pale ulipodhani umetibu.

Nije kwenye picha ya fremu, maana najua hiyo ndiyo inayokuwasha mikono. Usiibandue. Nakuomba kama mtu aliyewahi kukosea. Miaka ya mwanzo ya kazi hii mama mmoja aliniletea picha kama hiyo, baba yake akiwa amevaa kanzu na koti. Nikaona pembe ya kushoto imeachia yenyewe, nikapata kichwa. Nikavuta taratibu, taratibu kabisa, ikaja hadi katikati. Kisha nikasikia mlio mdogo kama wa jani kavu la mgomba. Nikabaki nimeshika karatasi nyeupe, na kwenye kioo likabaki jicho moja, nusu ya masharubu na kola ya koti. Mama yule hakunilaumu. Alichukua kioo, akaniachia karatasi, akakifunga kwenye kanga yake akaondoka.

Kilichotokea ni jelatini ile ile. Fremu haikuacha nafasi kati ya picha na kioo, masika kadhaa yakapita, tabaka likalainika, likakishika kioo, likakauka. Sasa linakipenda kioo kuliko karatasi yake. Wataalamu wa uhifadhi wana njia zao za kujaribu kuachanisha, na si kila mara wanafaulu. Wewe fanya jambo moja: ipige picha hivyo hivyo, ikiwa ndani ya fremu na kioo chake. Nyuma ya fremu kama kuna kadibodi iliyolowa au vidudu, itoe hiyo tu. Halafu ilaze, uso juu, mahali pakavu. Ikibaki kwenye kioo maisha yake yote, bado ni picha ya babu yako.

Kuhusu harufu ya ukungu, subiri siku kavu. Kwenu huko mkipata siku kavu ni kuanzia Agosti hadi Oktoba, basi zitumieni. Fungua tranka nje, kivulini, kwenye upepo mwanana, ukiwa umevaa barakoa, maana vumbi la ukungu si la kuchezea, hasa kama una pumu. Zitandaze picha kwenye karatasi safi, uso juu, zisigusane. Ukungu mbichi huwa wa manyoya na hupakaa ukiugusa, kwa hiyo usiusugue, utausukuma ndani. Uache ukauke uwe unga, ndipo upeperushe kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, ukielekeza mbali na wewe. Juani usianike hata dakika kumi. Jua litaua ukungu, ni kweli, na litakunja picha na kuunguza magazeti kwa mara moja.

Halafu usivirudishe chini ya kitanda. Sakafu ya saruji hupumua unyevu usiku kucha. Ukuta wa nje nao vivyo hivyo. Juu ya dari chini ya bati ni tanuri mchana na friji usiku. Na dari la jikoni, juu ya mafiga, ambako wazee wetu walitundika mbegu za mahindi zisibunguliwe, moshi unafaa mahindi lakini una asidi inayokula fedha ya picha. Kabati la ndani, rafu ya katikati, chumba kinacholalwa na watu, hapo panatosha. Ukikosa bahasha maalumu, kunja karatasi nyeupe za A4 kama mfuko, picha moja kila karatasi. Karatasi nyingi za ofisini siku hizi zimetiwa chokaa, hazina asidi ya kutisha kama bahasha za kaki. Zile albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu, zilizotamba miaka ya 1980, usizitumie kabisa. Naftalini pia acha, haizuii ukungu na inawaumiza mnaolala humo. Na kama kuna atakayekuambia uweke mchele unyonye unyevu, mwambie bungua wanashukuru.

Magazeti yana ugonjwa mwingine. Karatasi ya gazeti ni ya bei rahisi, hutengenezwa kwa kusaga mti pamoja na lignini yake, ile gundi ya asili inayoufanya mti usimame. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka njano na kuzaa asidi, na asidi inakatakata nyuzi za karatasi hadi inavunjika kama chapati ya juzi. Waonyeshe wanafunzi wako: chukua gazeti la leo, weka sarafu juu yake, liache dirishani penye jua siku chache. Ukiondoa sarafu utakuta duara jeupe katikati ya unjano. Ndiyo sababu magazeti ya babu, yaliyokaa gizani kwenye bati, huenda yana hali nzuri kuliko ya mtu aliyeyapamba ukutani. Yafungue kamba, maana kamba inakata. Yalaze bila kuyakunja upya. Penye mkunjo uliokauka usilazimishe.

Na usiyadharau kwa kuwa ni magazeti tu. Mambo Leo lilianza 1923, likitolewa kila mwezi na serikali ya Tanganyika, na ndani yake kulikuwa na barua, mashairi na habari za wasomaji kutoka kila pembe ya nchi. Makarani na walimu walikuwa wasomaji wake wakubwa, na baadhi yao waandishi wake. Uhuru lilianza Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru. Vyuo vikuu vinayo magazeti haya. Sehemu ya East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndipo pa kwanza pa kuuliza hapa nchini. Lakini mkusanyo wa magazeti ni kama meno ya mzee, mapengo ni mengi. Toleo lililofungiwa kamba Rungwe linaweza kuwa ndilo linalotafutwa. Zaidi ya hapo, nakala ya maktaba haina mwandiko wa babu pembeni. Kama alipigia mstari habari fulani, au alifanya hesabu ya mshahara juu ya kichwa cha habari, hiyo ni nyaraka nyingine juu ya nyaraka.

Binamu yako yuko sahihi nusu. Kupiga picha kwa simu ni kazi nzuri, tena ianze mapema. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukijaza ukurasa wa ukubwa wa A4 kwenye kioo chote unapata karibu nukta 340 kwa inchi, na maandishi yanasomeka bila shida. Gazeti kubwa lipige vipande vipande, vipande vikipishana kidogo. Fanya kazi karibu na dirisha lisiloingia jua, zima flashi, simu iwe sambamba na karatasi. Picha zenyewe, zile ndogo za sentimita 6 kwa 9, bora skena ya kioo. Mwambie kijana wa steshenari aweke nukta 600 kwa inchi, rangi zote hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, na asiirekebishe chochote. Hapo ndipo mashine zake zitakufaa. Kama ana TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora, achague hiyo. JPEG inafaa pia mradi usiwe unaifungua na kuihifadhi upya kila siku, maana kila mara inapoteza kidogo. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, la sivyo ndugu zako watapokea kivuli cha picha. Kisha nakala tatu, kwenye vitu viwili tofauti, na moja isikae nyumba hiyo hiyo. Flashi moja ndani ya droo si hifadhi.

Nusu aliyokosea ni kutupa. Nyuma ya picha kuna mihuri ya studio na aina ya karatasi, na vitu hivyo humsaidia mtaalamu kukisia mwaka hata pasipo tarehe. Skena ya kesho itaona zaidi ya hii ya leo. Na faili haziharibiki polepole kama karatasi, zinazopauka ukapata muda wa kushtuka. Leo inafunguka, kesho haifunguki, basi. Vyuo vinavyofanya kazi hii kwa dhati havikai na kusema "tumeskani, tumemaliza". Kila faili hupewa namba ya ukaguzi inayotokana na yaliyomo, na kompyuta huihesabu upya mara kwa mara kuona kama hata nukta moja imebadilika. Nakala hukaa majengo tofauti. Aina ya faili ikizeeka huhamishiwa kwenye aina mpya. Hayo yote yanataka mtu na bajeti, mwaka baada ya mwaka. Wewe wa Tukuyu unajua chai ikiachwa bila kuchumwa inavyogeuka msitu. Hifadhi ya kidijitali ni vivyo hivyo.

Hapo tumemfikia mgeni. Chuo kikubwa kinaweza kutunza faili zenu kuliko simu ya binamu, na picha za karani wa chai zikikaa pamoja na za meneja wake, historia ya shamba lile inakuwa na pande mbili. Kwa hiyo si jambo la kukataa moja kwa moja. Ninachokataa ni tranka kuondoka. Kuskani hakuhitaji ndege, skena inabebwa kwenye mkoba. Mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004, umeskani nyaraka za nchi nyingi na sharti lake ni kwamba vitu halisi visitoke nchini vilikotoka. Kama mgeni wako ana nia njema, sharti hilo halitamshangaza.

Mwombe akuonyeshe kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambacho mtafiti kutoka nje anatakiwa kuwa nacho. Si utovu wa adabu. Kisha kaeni kikao cha ukoo, maana tranka si lako peke yako, na bora ndugu wa Mbeya mjini anune leo kuliko aje na wakili baadaye. Mkikubali, andikeni: orodha ya vitu kwa namba, wapi vitaskaniwa na vinarudi lini kabatini, familia inapata faili zote za ubora wa juu (msikubali zile ndogo za mtandaoni peke yake), majina ya bibi yanaingia kwenye maelezo ya kila picha, anayetaka kuzitumia kibiashara anawauliza ninyi kwanza, na mnaweza kuomba picha fulani iondolewe. Mpate mashahidi, na muhuri wa mtendaji wa kijiji haudhuru. Kuna picha ambazo familia haitaki zionwe na kila mtu, ya msiba kwa mfano, au ya ndoa iliyovunjika vibaya. Hizo ziwekeni pembeni kabla mgeni hajafika. Binafsi, ningemruhusu aje na skena yake nyumbani, siku mbili, bibi akiwepo.

Sasa baba yake babu. Uwezekano upo. Wamoravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na picha zao nyingi za huko zilikwenda Herrnhut, Ujerumani, kwenye kumbukumbu za kanisa lao. Sehemu ya picha hizo leo unaweza kuziona bila malipo kwenye hifadhi ya picha za kimisionari ya Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, ambayo imeunganisha picha za mashirika mbalimbali ya misheni. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo ina mkusanyo wa iliyokuwa jumuiya ya kikoloni ya Wajerumani, yapata picha 55,000 za makoloni yao yote.

Watu wengi hutafuta humo dakika tano wakakata tamaa kwa sababu wanatafuta kwa majina ya leo. Ukiandika "Mbeya" kwa miaka ya Wajerumani hupati kitu cha maana, kwani mji wa Mbeya ulikua miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipovuta watu, Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Tukuyu iandike "Neu-Langenburg", au "Langenburg" tupu, ukikumbuka kwamba Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Iringa ni "Neu-Iringa", na "Alt-Iringa" ni Kalenga, ngome ya Mkwawa waliyoiteka Oktoba 1894. Wanyakyusa wanaitwa "Konde". Nyasa imeandikwa "Nyassa" na "Njassa", kwa sababu j ya Kijerumani ni y yetu. Kwa sababu hiyo hiyo jaribu "Ipiana" kwa Ipyana, na "Rutenganio" kwa Rutengano. "Rungwe" na "Utengule" kwa bahati hazikubadilika sana. Magazeti yaliyoskaniwa yana kikwazo chao, kwani kompyuta ndiyo iliyosoma maandishi, na penye wino hafifu inasoma "Rungwc" au "Kungwe". Tafuta kipande cha neno, kisha fumbua kurasa kwa macho.

Usitegemee kukuta jina la babu mkubwa. Tafuta mahali na miaka: picha za wanafunzi Rungwe, miaka aliyokuwa shule. Mwaka ulioandikwa mara nyingi ni makisio mapana, kama "kati ya 1898 na 1914", kwa hiyo usiitupe picha kwa kuwa mwaka haujakaa sawa. Zipakue zile zinazowezekana, zichapishe kubwa, na umpelekee bibi zikiwa zimechanganywa na za kwenu. Usimwambie unayemtafuta. Ukimwambia, kwa mapenzi tu atamwona kila mahali. Akimtambua bila kuongozwa, linganisha na picha yake nyingine kama imo trankani, masikio hasa, hayabadiliki kama nywele. Mkiwa na hakika ya kutosha, kiandikieni chuo hicho barua pepe, mkitaja namba ya picha na nani amemtambua na kwa ushahidi gani. "Mwanafunzi" mmoja atakuwa amepata jina lake.

Mengine yote niliyotaja utayaweza mwenyewe na daftari, penseli na kabati. Yanayohitaji mtu wa kazi hii ana kwa ana ni haya: picha ya fremu, picha zilizoshikana zikawa tofali, ukungu unaorudi baada ya kukausha, na negativu, kama zimo humo chini, zikianza kunuka siki. Harufu ya siki ni filamu yenyewe inaoza na inaambukiza jirani zake, zitoe peke yake siku hiyo hiyo. Mahali pa kuanzia kuuliza ni makumbusho ya mkoa pale Boma la Iringa, jengo la Wajerumani ambalo Chuo Kikuu cha Iringa kililisaidia kuwa makumbusho mwaka 2016, au mkutubi wa chuo chochote kilicho karibu nawe Mbeya.

Ukisafiri na ile fremu, ifunge kati ya kadibodi mbili na uilaze. Isiingie kwenye buti la basi. Kata tiketi ya kiti cha mbele, uipakate, na kondakta akikuambia ipande juu na mizigo, mwambie una mzee mapajani.